Nakata tikiti za watoto wa wengine, wangu hawajaingia

Jambo Yaya,

Ninatumika gishe, dirisha la kuuzia tikiti, kwenye parki moja ya michezo hapa Lubumbashi. Jina silitaji, na wewe ukilitambua tafadhali lifiche. Kuna pisini, bwawa la kuogelea, ya wakubwa na ya watoto, kuna treni ndogo, magari ya kugongana, na zile nyumba za hewa ambazo watoto wanarukia mpaka wanatapika. Huu ni mwaka wa nne ninauza tikiti pale. Nina watoto watatu wa kuzaa, na wa nne ni mtoto wa marehemu dada yangu, ninamlea tangu hajaota meno. Katika hao wanne hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka geti.

Utaniuliza: wafanyakazi si wanaingia bure? Ndiyo, na hapo ndipo penye shida yangu. Siku tulipotia sahihi kontra, ule mkataba wa kazi, mtu wa RH, ofisi ya wafanyakazi, alitusomea kwa madaha: mshahara, usafiri, matibabu, halafu "kila mfanyakazi na familia yake wanaingia bure". Nilirudi Katuba, komini ninayokaa, nikatangazia nyumba nzima, watoto wakalala na nguo za kuogelea.

Sikiliza sasa masharti. Yalikuja baadaye, kwenye karatasi iliyobandikwa pale tunaposaini asubuhi. Bure ni Jumatatu mpaka Alhamisi tu. Sikukuu hapana. Julai na Agosti hapana, likizo ya Noeli hapana, ya Pasaka hapana. Lazima mwingie kabla ya saa sita mchana. Majina yaandikwe kwenye daftari la shefu wiki moja mbele, familia mbili kwa siku. Na wanaokubaliwa ni bwana au bibi na watoto walioandikwa kwenye komposisio ya familia, ile karatasi yenye majina ya watu wa nyumba. Mtoto wa dada yangu hayumo.

Yaya, repo yangu, siku ya kupumzika, ni Jumanne. Jumanne watoto wako masomo mpaka saa sita na nusu. Wakitoka, saa ya kuingia imeshapita. Wakiwa likizo, tikiti imefungwa. Jumapili, siku ambayo mji mzima unakuja, mimi niko nyuma ya kioo ninawakatia wengine. Hiyo bure iko wapi?

Kuna mara niliandika majina ili angalau yule mdogo, ambaye hajaanza masomo, aingie na baba yake. Tukafika asubuhi, mlinzi akapekua karatasi yake: majina hayapo. Shefu aliyepaswa kutia sahihi alikuwa ameenda Kolwezi, na daftari limefungiwa ofisini kwake. Mtoto alikuwa amevaa yale maboya ya mikononi tangu nyumbani. Kwenye basi la kurudi bado ameyavaa, abiria wanamcheka, na akikataa mtu asiyaguse kuyatoa hewa.

Upande wa pili ni ukoo. Shemeji yangu mkubwa, kaka ya bwana yangu, mtoto wake anatimiza miaka 10, na ameshaalika watoto 12 wa kartie. Aliniambia mbele ya watu wote: "Jumapili ile tunakuja. Wewe uko mlangoni, utatupitisha." Nilipomweleza masharti akacheka, akasema nimekuwa mtu wa kubana. Mama mkwe naye akaongeza kwamba wakati wa Gécamines, ile kampuni ya migodi, mtu mmoja akitumika, ukoo mzima unakula, lakini siku hizi wake za watoto wake wanakula peke yao.

Wenzangu wananionyesha mlango wa nyuma, ule wa kuingizia makaa ya jikoni na kreti za soda. Mlinzi wa pale anapewa kitu kidogo, mnapita. Lakini mwenzetu mmoja alishikwa kwa njia hiyo, akaondolewa siku ileile bila notisi. Bwana yangu hasemi neno. Anakaa tu ananiangalia.

Niende kwa Inspekta wa Kazi? Niache kutumika pale? Au nimpitishe shemeji mara moja tu, yaishe?

Mama wa Gishe, Katuba

*

Mama wa Gishe,

Shemeji usimpitishe. Naanza na hilo kwa sababu barua yako nzima inateremka kuelekea "mara moja tu", na Jumapili yenyewe haiko mbali. Wewe si mpishi wala mtunza bustani pale; wewe unashika tikiti na makuta. Siku tikiti zisipolingana na vichwa vilivyomo ndani, wa kwanza kuitwa ni gishe, hata kama watoto walipitia kwenye makaa. Sheria yetu ya Kazi inahesabu kitendo cha kukosa uaminifu kuwa kosa zito, ile faute lourde ambayo mtu hufukuzwa nayo bila notisi. Yaliyompata mwenzako hayakuwa ukatili wa shefu, ni kifungu kilichoandikwa. Na watoto 12 wa bersidei hawapiti kimya popote.

Kuacha kazi kwa ajili ya pisini, hilo tuliruke.

Tuje kwenye masharti, maana hapo ndipo naona umeumia. Usidhani yametungwa ili kukukomoa. Kazi yoyote inayouza nafasi inafanya hivyohivyo: nafasi ya siku tupu haigharimu kitu kuitoa bure, nafasi ya siku iliyojaa ni makuta yanayotoka mfukoni. Wanaotumika kwenye makampuni ya ndege wanasafiri kwa bei ndogo mno, lakini mara nyingi ni kwa sharti la kiti kubaki kitupu. Ndege ikijaa wanabaki uwanjani na masanduku yao. Walt Disney World, ile parki kubwa kupita kiasi ya Florida, Marekani, iliyofunguliwa 1971, inawapa wafanyakazi kibali cha kuingiza watu wao bure, na kibali hicho kina siku zilizofungwa, wiki ya Noeli ikiwa miongoni mwake. Walipofungua tena milango Julai 2020 baada ya korona, hata mwenye tikiti mkononi alitakiwa kuweka nafasi mbele kwanza, na siku nzuri zilikuwa zinakwisha. Kwa hiyo huko kwenye parki zenye mali kuliko jimbo letu zima, nako kuna mama mwenye tikiti ya bure anayesubiri siku ambayo hataipata.

Siyasemi hayo ili unyamaze. Nayasema ili usiende kuomba kitu ambacho hawatakupa. Ukiandika barua ya kudai Jumapili au wiki ya Noeli, itakunjwa. Wenzako wengi, nahisi, wamedai hivyo, ndiyo maana wamebaki na mlango wa makaa.

Nimeyasoma masharti yako tena na tena, na moja tu silielewi. Jumatatu mpaka Alhamisi, naelewa. Likizo kufungwa, naelewa. Familia mbili kwa siku, sawa. Lakini kabla ya saa sita, kwa nini? Siku ya Jumanne saa nane mchana, nani yuko kwenye pisini? Wewe unayekaa gishe unajua jibu kuliko RH. Sharti hilo halilindi hata franka moja ya kampuni, na ndilo hilohilo linalokufungia mlango, kwa sababu watoto wa shule za asubuhi wanatoka wakati geti la bure limeshafungwa. Ukiliondoa hilo peke yake, repo yako ya Jumanne inafunguka: watoto wanatoka saa sita na nusu, wanakula kitu, saa nane wako ndani ya maji, na mpaka jioni mmeshiba. Hakuna haja ya kugusa Jumapili ya mtu.

Basi hilo ndilo la kuomba. Na usiombe peke yako. Mama mmoja wa gishe akilia kuhusu watoto wake, ni shida yake; wafanyakazi kumi wakitia sahihi karatasi moja, ni shida ya ofisi. Kama mna delege wa sendika, wawakilishi wa wafanyakazi, waliochaguliwa, wapeni wao wapeleke. Kama delege wenyewe wamelala, kama walivyolala katika kampuni nyingi za hapa, andikeni wenyewe, barua fupi, nakala mbili, na msiondoke mezani kabla ya kugongewa mhuri wa kupokelewa. Maneno yake yanaweza kuwa haya:

"Tunashukuru kwa haki ya kuingia bure tuliyopewa pamoja na familia zetu. Tunaomba saa ya mwisho ya kuingia, ambayo sasa ni saa sita mchana, isogezwe hadi saa tisa kwa siku zilezile za Jumatatu hadi Alhamisi, ili watoto walio masomoni asubuhi wafike. Tunaomba pia majina yakishaandikwa, nakala ibaki kwa mlinzi wa geti, na shefu akisafiri, msaidizi wake atie sahihi."

Sentensi hiyo ya mwisho ni kwa ajili ya yule mdogo wa maboya. Ombi kuhusu daftari linaonekana dogo, lakini haki inayokaa kwenye daftari moja, ndani ya droo moja, chini ya ufunguo wa mtu mmoja anayependa safari za Kolwezi, ni haki ya kuomba dua.

Sasa sheria, kwa kuwa umemtaja Inspekta. Sheria ya Kazi ya 16 Oktoba 2002, katika kifungu cha 7, inahesabu thamani ya vitu anavyopewa mfanyakazi pasipo fedha kuwa sehemu ya malipo yake. Kwa hiyo tafuta kontra yako, isome tena mwenyewe polepole. Je, kuingia bure kumeandikwa mle, au mtu wa RH aliongeza tu kwa mdomo? Halafu chukua karatasi ya mshahara ya mwezi uliopita, utazame mstari kwa mstari. Ukikuta wameandika mahali thamani ya tiketi hizo kama faida unayopewa, kuna jambo la kuuliza tena kwa sauti, kwa sababu mchango wa CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, unaokatwa kwako, ile asilimia 5, na kodi ya mshahara, huhesabiwa juu ya malipo. Utakuwa unakatwa makuta halisi kwa ajili ya pisini usiyoiona. Usipokuta mstari huo, hoja yako ni nyepesi kidogo: ni ahadi waliyoitoa, na sasa mnaomba itumike.

Kwa Inspekta usiende bado. Ndiye mlango wa lazima kabla ya Mahakama ya Kazi, maana mgogoro haupokelewi mahakamani kama haujapita kwenye usuluhishi wake. Lakini mlango huo uuhifadhi kwa mambo mazito: repo ya wiki wakikunyima, saa zikizidi 45 kwa wiki bila kulipwa, konje, likizo yako ya mwaka, ikipotea. Ukimpelekea saa ya kuingia pisini atakusikiliza kwa heshima, kisha RH atakukumbuka kwa muda mrefu bila heshima.

Kuna kitu kingine kwenye barua yako ambacho umekitaja kama kinapita, nami ningekaa hapo zaidi. Huyo mtoto wa dada yako. Unamlea tangu hajaota meno, na kwenye karatasi za kampuni hayupo. Mama, hilo ni kubwa kuliko parki. Kifungu hichohicho cha 7, kinapoeleza familia ya mfanyakazi, hakiishii kwa watoto wa kuzaa. Kinataja pia walioasiliwa na wale ambao mfanyakazi ni mlezi wao kisheria. Na familia hiyo ndiyo ambayo mwajiri anatakiwa kuitibu. Maana yake ni kwamba leo malaria ikimkamata usiku, ndugu zake watatu wana hospitali ya kampuni na yeye hana. Nenda kwenye ofisi ya état civil ya komini, pale wanapoandikisha vizazi na vifo, na cheti cha kifo cha dada yako na cha kuzaliwa cha mtoto, uliza hatua za kupata hati ya ulezi. Zitakuwepo foleni, utaambiwa urudi kesho, na kesho utaambiwa karani yuko kwenye matanga. Rudi tu. Hati ikitoka, ipeleke RH waibadilishe komposisio ya familia. Pisini itakuja kama nyongeza. Mpaka hapo, msiende parki watatu mkamwacha wa nne nyumbani. Ni afadhali wote wakae kuliko mmoja kujua kwa njia hiyo kwamba yeye hayumo kwenye karatasi.

Sasa wakwe. Mama mkwe wako nisingemjibu haraka, kwa sababu hasemi uongo. Katika mji huu, tangu siku za Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, mpaka Gécamines, kampuni haikuwa mahali pa kupokea mshahara tu. Ilitoa nyumba, gunia la unga, shule ya watoto, hospitali. Mtu akisema "baba anatumika kule", watu wote wa nyumba walijua watakula nini mwezi ule. Kisha unga ukakoma, mishahara ikakaa miezi na miezi, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kwa ile waliyoiita safari ya hiari, wengine baada ya maisha mazima kazini. Mama aliyeyapitia hayo akisikia una haki ya kuingia bure, haoni karatasi yenye masharti sita. Anaona gunia la unga limerudi, na wewe umelikalia. Kamwonyeshe karatasi yenyewe. Ipige picha pale ilipobandikwa, kaa naye chini jioni, msomee sharti moja moja, na umwambie wajukuu zake mwenyewe hawajaingia. Nadhani hilo hajawahi kuambiwa wazi. Anajua tu kwamba shemeji amekataliwa.

Shemeji simwekei huruma hiyo. Yeye ni mtu mzima aliyealika watoto wa watu kabla ya kuuliza bei. Lakini wa kumwambia si wewe. Ni kaka yake. Bwana yako anayekaa anakuangalia, mwambie leo usiku, watoto wakilala: "Baba ya watoto, kaka yako anataka nifukuzwe kazi. Mwendee ukamwambie wewe." Maneno ya mke kwa shemeji mkubwa yanageuka kuwa dharau hata yakiwa ya kweli, maneno yaleyale yakitoka kwa mdogo wake ni habari ya nyumbani. Aende kabla ya Jumapili, asipige simu, na asiende mikono mitupu: wewe pale gishe ulizia bei ya kundi, au siku ya wiki ambayo watoto wanalipa kidogo, umwandikie kwenye karatasi. Mkiweza, mlipie yule mwenye bersidei tikiti yake kama zawadi ya mama mdogo na baba mdogo. Moja, siyo 12. Akikataa kwa sababu alitaka bure au hakuna, mtakuwa mmejua alichokuwa anasherehekea.

Neno dogo kuhusu siku yenyewe, ikifika. Usivae hata kitambaa kimoja cha yunifomu, na usikae upande wa gishe. Nimewaona wafanyakazi wa mahali pa namna hiyo wakija kupumzika na familia, na baada ya nusu saa wanaitwa: "Mama, njoo utuvunjie noti hii kidogo." Ukiinuka mara ya kwanza, umeingia kazini. Mtume bwana wako akawaambie haupo.

Na usikawie. Masomo yanafunguliwa mwanzo wa Septemba, na Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya joto la kweli kwetu, kabla ya mvua kushika. Julai unayoililia, mimi sioni uzuri wake: hii baridi ya Lubumbashi ya asubuhi inamfaa mtu mwenye blanketi, siyo mtoto mwenye maboya. Barua iwe imeshagongwa mhuri wiki ya kwanza ya masomo. RH wakijibu "tutaangalia", ulizeni ni nani ataangalia na lini, mwandike jina lake nyuma ya nakala yenu. Na shefu wa daftari mpelekeeni nakala yake mkononi, siku ambayo yuko mjini.

Yaya